Kiviuti: sufu ya ndani ya ng'ombe miski, na kwa nini wakia moja ya uzi wake hukaribia dola 100

Mwanaisha wa Pangani

Salaam kwa wanajamvi wote. Juma lililopita, katika mjadala uliohusu shali na mablanketi ya bei kubwa, mmoja wetu aliandika kwamba hakuna sufu inayoizidi kashmiri, ile sufu laini ya mbuzi, kwa bei, na hakuna aliyempinga. Nimeona ni bora mada hii ipewe mjadala wake, kwa sababu mji ninaoishi, Anchorage huko Alaska, una nyumba ndogo ya rangi ya kahawia kwenye pembe ya barabara ya 6 na H, ambamo huuzwa vitu vilivyofumwa kwa sufu inayoiacha kashmiri mbali kwa bei. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiingia mle, nikishika, nikiangalia kibandiko cha bei, na kurudisha kitu mahali pake kwa adabu.

Mnyama mwenye sufu hiyo, tukifuata jina alilopewa na Wazungu, tungemwita ng'ombe miski. Jina hilo lina uongo wa pande mbili. Kwanza, si ng'ombe, kwa kuwa ukoo wake ni wa mbuzi na kondoo, ijapokuwa dume mzima anaweza kufika kilo 300 na kupita. Pili, hana miski, maana tezi ile ya kulungu wa Asia iliyowatajirisha wauza manukato yeye hakupewa, na harufu kali anayonuka wakati wa kupandana, mwezi wa Agosti na Septemba, hutokana na mkojo wake mwenyewe. Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, walimtazama vizuri zaidi, wakamwita umingmak, yaani mwenye ndevu, na sufu yake ya ndani wakaiita qiviut. Mimi nitaiandika kiviuti, ili ulimi usikwame kila mstari.

Mnyama huyu amevaa nguo mbili. Ya juu ni nywele ndefu na ngumu zinazoning'inia ubavuni hadi karibu na kwato, nazo ndizo zinazozuia upepo, theluji na mvua. Ya chini, iliyolala juu ya ngozi, ni sufu laini sana ambayo macho hayaioni mpaka uzipasue nywele za juu kwa vidole. Wazee wetu huviita vinyweleo vya mkononi malaika, na sijapata neno linaloifaa kiviuti kuliko hilo. Unywele mmoja una unene wa mikroni 15 hadi 20 (mikroni elfu moja ni milimita moja), wakati unywele wa kichwa cha binadamu hukaribia mikroni 70.

Masika ya huko yanapofika na mchana kuanza kurefuka, nguo ile ya ndani hujing'oa yenyewe kwenye ngozi na kupanda juu kupitia nywele ngumu. Kwa hiyo ng'ombe miski hakatwi manyoya kama kondoo, bali huchanwa. Nimeliona jambo hilo katika shamba la Palmer, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa. Jike mmoja aliingizwa katika kibanda chembamba cha mbao, akapewa chakula mbele yake, na mfanyakazi akaanza kupitisha chanuo lenye meno marefu kutoka begani kwenda nyuma. Sikuona nywele zikikatika wala mnyama akistuka. Sufu ilitoka kwa kipande kimoja kipana, taratibu, kama mtu anayeengua utandu wa maziwa, na ilipowekwa mezani ilikuwa na rangi ya moshi wa kuni mbichi. Niliweka kiganja changu ndani yake nikasubiri kuhisi kitu, na kitu cha kwanza nilichohisi ni joto la mkono wangu mwenyewe likinirudia.

Mnyama mzima hutoa kilo 2 hadi 3 kwa mwaka. Nitaeleza baadaye kwa nini kiasi hicho, ambacho si kidogo, bado huzaa bei ya kutisha. Karibuni kwa maswali.

Fundi Kilemba, Muscat

Dada Mwanaisha, ahsante kwa mada. Sisi tulioko Oman tunaijua sufu ya Kashmir kwa kuivaa kichwani, kwa sababu kilemba chetu cha heshima, yaani masari, hutengenezwa kwa sufu hiyo, na mzee anayejua kazi yake huitambua nzuri kwa kuikunja ndani ya ngumi na kuiachia. Swali langu ni hili. Kashmiri tunaambiwa ni mikroni 14 hadi 19. Ikiwa kiviuti ni 15 hadi 20, hapo sioni ubora wowote wa kuniongezea bei. Je, tunauziwa sufu au tunauziwa hadithi ya barafu?

Mwanaisha wa Pangani

Kaka Fundi, swali lako ni la mnunuzi mzoefu, nami nitakubali nusu yake. Kwa wembamba peke yake, kiviuti hakiishindi kashmiri nzuri, na vote viwili hushindwa na vikunya wa milima ya Andes, ambaye sufu yake ina mikroni 12 au 13. Anayekwambia kwamba kiviuti ndicho chembamba kuliko vyote anataka kukuuzia.

Tofauti ya kwanza imo katika magamba. Unywele wa kondoo una magamba madogo yanayosimama, na hayo ndiyo yanayoshikana ndani ya maji ya moto mpaka fulana ya mtu mzima ikatoka kwenye beseni inamtosha mtoto. Kiviuti kina magamba machache yaliyolala, kwa hiyo hakijikunji wala hakisinyai kirahisi, na wengi ambao sufu ya kondoo huwawasha shingoni hukivaa bila taabu.

Tofauti ya pili ni wingi. Mbuzi wa kashmiri hutoa gramu 150 hadi 200 hivi tu kila mmoja, lakini China na Mongolia wanao kwa mamilioni, wana wachungaji, wana madalali, wana viwanda. Ng'ombe miski walio wengi wanaishi porini katika tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti, ya Kanada na Greenland, na wanaofugwa ni wachache mno. Sufu inayobaki kwenye vichaka vya tundra baada ya kundi kupita huokotwa kweli, lakini nani atajaza gunia kwa kuokota vichakani?

Tofauti ya tatu, ambayo kwangu ndiyo inayobeba bei, ni kazi ya mikono baada ya sufu kumwacha mnyama. Katika ile sufu ya moshi niliyoieleza kuna nywele ngumu zilizochanganyika, na unywele mmoja mgumu ukibaki ndani ya uzi utakuchoma shingoni siku zote za uhai wa skafu hiyo. Ni lazima zitolewe kwa mashine au kwa vidole, na kila zinapotolewa, uzito unapungua. Ndipo sufu isokotwe, ndipo ifumwe. Uzi mwembamba uliosafishwa vizuri huuzwa kwa wakia, yaani gramu 28, na wakia hiyo yenye urefu wa karibu mita 200 hukaribia dola 100.

Mtoto wa Mjini

Mimi nimesoma kila mahali kwamba kiviuti kina joto mara nane kuliko sufu ya kondoo. Wataalamu mnalionaje jambo hilo?

Mwanaisha wa Pangani

Mimi si mtaalamu wa fizikia, ila ni muuguzi anayefuma, na namba hiyo ya mara nane naiona kwenye kila kibandiko bila kuona mara nane ya nini. Wauzaji waangalifu huongeza maneno "kwa uzito", na hapo inaanza kueleweka, kwa sababu kinachomtia mtu joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na sufu nyepesi sana hunasa hewa nyingi kwa gramu chache. Lakini joto la nguo hutegemea pia unene wake na namna ilivyofumwa. Skafu yangu ya kiviuti imefumwa kwa mtindo wa kimia, ina matundu unayoweza kupitisha kidole, na pamoja na hayo nimeivaa nikisubiri basi kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nikahisi joto shingoni na baridi puani. Huo ndio ushahidi nilio nao. Sitadai mara nane.

Mama Rehema, Nakuru

Wanangu, mimi nimefuma masweta ya shule kwa zaidi ya miaka 30, kwa mkono na kwa mashine, na napenda kujua uzi huu unakaaje kwenye sindano. Unavutika? Unateleza?

Mwanaisha wa Pangani

Shikamoo Mama Rehema. Umegusa mahali nilipoumia.

Uzi wa kiviuti hauvutiki. Sufu ya kondoo ina mikunjo midogo inayoufanya uzi ujirudi baada ya kuvutwa, na ndiyo maana ukingo wa sweta la shule hubana mkononi. Kiviuti karibu hakina tabia hiyo. Ukikifuma ukingo wa mkono wa sweta, baada ya mwezi mmoja utakuwa umelegea kama mdomo wa mfuko. Kinachokifaa ni kitu kinachoanguka chenyewe, kama shali, skafu, au kofia iliyochanganywa na sufu nyingine. Juu ya sindano za chuma kinateleza, kwa hiyo mimi natumia za mianzi, tena namba kubwa kuliko uzi unavyoonekana kutaka, kwa sababu baada ya kufuliwa mara ya kwanza uzi huvimba na kufumuka utando wa malaika juu yake, ukajaza matundu. Ukikifuma kwa kubana, utando huo hauna pa kwenda.

Sasa kuhusu kuumia. Mwaka wangu wa tatu hapa niliona kitita kikiuzwa mtandaoni kwa bei ya chini ya nusu, nikajiambia Mungu amenikumbuka. Muuzaji sitamtaja. Uzi ulifika ukiwa laini kwa kushika kwa haraka, lakini nilipofuma sentimita kumi nikaona nywele nyeusi ngumu zimejitokeza kama mabua kwenye unga. Nilikaa jioni nne chini ya taa nikizing'oa moja moja kwa kibano cha nyusi. Kila ninapong'oa, uzi unakatika au unakuwa na kiungo chembamba. Hatimaye nilipata skafu fupi, isiyovalika, na heshima kubwa kwa mtu yeyote anayechambua sufu kwa riziki yake.

Mama Rehema, Nakuru

Marahaba mwanangu. Kibano cha nyusi! Mimi ningeuchoma huo uzi. Je, mama zetu wa huko wamerithi ufumaji huu kutoka kwa mabibi zao?

Mwanaisha wa Pangani

Mama, hilo ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote, kwa sababu jibu ni hapana. Sanaa ya kale ya wanawake wa Kiyupik na Kiinupiati, wenyeji wa Alaska, ni kushona ngozi, na mishono yao haipitishi maji. Ufumaji wa sindano mbili ulikuja kwa wageni. Na wakati huo hata mnyama mwenyewe hakuwepo.

Ng'ombe miski wa Alaska walikuwa wamekwisha kabla ya karne ya 20 kushika kasi. Wakishambuliwa hawakimbii, bali huunda duara, ndama ndani, pembe nje. Duara hilo humshinda mbwa-mwitu, lakini mbele ya mwenye bunduki ni kundi zima lililojipanga kupigwa. Mwaka 1930 serikali ya Marekani ililipia safari ya wanyama 34 waliokamatwa mashariki ya Greenland. Walipelekwa kwa meli hadi Norwei, wakavuka bahari hadi New York, wakakatiza bara zima kwa treni hadi Seattle, wakapanda meli tena hadi Seward, bandari ya Alaska, kisha treni hadi Fairbanks. Mwaka 1935 na 1936 walionusurika pamoja na ndama wao, jumla 31, walihamishiwa kisiwa cha Nunivak katika Bahari ya Bering, mahali pasipo na mbwa-mwitu wala dubu. Makundi yanayozurura Alaska leo yametokana na kisiwa hicho.

Sasa anaingia mtu anayeitwa John Teal, mwanaanthropolojia, mfuasi wa mvumbuzi wa nchi za barafu, Vilhjalmur Stefansson, aliyekuwa akihubiri tangu miaka ya 1920 kwamba mnyama huyu afugwe. Teal alianza ufugaji katika jimbo la Vermont mwaka 1954 na ndama kutoka kaskazini ya Kanada, na mwaka 1964 akahamia Fairbanks kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Alaska, akitumia wanyama wa Nunivak. Wazo lake lilikuwa kwamba vijiji vya pwani, ambavyo havina barabara wala viwanda, vipate kitu chepesi cha kusafirisha na chenye thamani kubwa. Ukifikiri kidogo utaona kwamba uzi mwembamba unapita vizuri kwenye bahasha ya posta, na ndege ndogo ya posta ndiyo peke yake inayofika vijiji hivyo majira yote.

Warsha ya kwanza ya ufumaji ilifanyika Mekoryuk, kijiji cha Nunivak, mwaka 1968, na mwaka uliofuata ukazaliwa ushirika wa wafumaji uitwao Oomingmak, ambao ndio wenye ile nyumba ya kahawia. Mwanachama hulipa ada ya dola 2 kwa mwaka. Hutumiwa uzi kwa posta, hufuma kwake, kati ya kukausha samaki na kulea wajukuu, hurudisha kazi kwa posta, na hulipwa kazi inapopokelewa, kisha faida ya mwaka hugawanywa. Kila kijiji kina nakshi yake. Mekoryuk walichukua umbo la kichwa cha chusa cha pembe chenye umri wa miaka 1,200, na kisiwa cha Nelson walichukua almasi za pindo la makoti yao ya ngozi. Kwa hiyo ufumaji ulikuwa wa kigeni, lakini mwanamke wa Mekoryuk akiona skafu Anchorage hujua kama imetoka kwao kabla ya kuuliza.

Mkonge Mbichi, Korogwe

Nimesoma hapo nikaumia moyo. Sisi tumesafirisha mkonge ghafi kwa marobota tangu enzi za Wajerumani.

Mwanaisha wa Pangani

Nakuelewa kaka, ila mkonge unastahili mjadala wake, na nikianza hapa sitamaliza. Niseme tu kwamba ushirika huu haukuwa tajiri, na wafumaji wengi hupata nyongeza ya kipato, si mshahara wa kuishi.

Daktari wa Mifugo, Arusha

Ndugu zangu, nina swali na nina angalizo. Swali: kama thamani ni kubwa kiasi hiki, kwa nini baada ya miaka 60 na zaidi ya kujaribu kumfuga hakuna mashamba kila mahali kaskazini? Angalizo: nilisoma kuhusu vifo vya wanyama hawa katika kisiwa cha Banks, Kanada, vilivyosababishwa na bakteria aitwaye Erysipelothrix rhusiopathiae. Sisi tunamjua huyo kama adui wa nguruwe na bata mzinga, nikashangaa kumkuta karibu na ncha ya dunia.

Mwanaisha wa Pangani

Daktari, angalizo lako ni kweli. Bakteria huyo alitambuliwa katika vifo vya mwaka 2012, na kundi la kisiwa cha Banks, lililokuwa karibu 70,000 mwaka 2001, lilihesabiwa kuwa takriban 14,000 mwaka 2014. Siwezi kumtwisha bakteria mzigo wote huo. Lakini kwa soko la sufu lilikuwa pigo, kwa sababu sehemu kubwa ya kiviuti cha Kanada hutokana na ngozi za wanyama waliowindwa kwa ajili ya nyama, si kwa kuchana walio hai.

Kuhusu swali, wewe utalijibu kuliko mimi, lakini niliyoyaona Palmer ni haya. Shamba lile limekuwa pale tangu 1986, baada ya kundi la Teal kuhamishwa mara kadhaa. Mnyama huyu hufungwa kwa ua imara, kwa maana dume akikasirika hugonga kwa paji la uso lenye mfupa mzito. Majira ya joto humtesa, kwa kuwa mwili wake umeumbwa kutunza joto, haukuumbwa kulitoa. Mwenye shamba humlisha mwaka mzima, na humchana mara moja tu kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kama mfugaji.

Daktari wa Mifugo, Arusha

Nimeipiga. Hapo hakuna mchumi wa mifugo atakayekubali bila ruzuku au watalii. Na nahisi madini pia ni tatizo, hasa shaba, kama ilivyo kwa wanyama wengi wa jamii ya mbuzi na kondoo wanaotolewa kwenye malisho yao ya asili.

Mwanaisha wa Pangani

Umepatia yote mawili. Shaba hupimwa na kuongezwa, na shamba la Palmer hupokea watalii.

Greenland wamefuata njia nyingine. Ndama 27 walitolewa mashariki na kuachwa karibu na Kangerlussuaq, upande wa magharibi, kati ya 1962 na 1965, na wamezaana mpaka kuwa maelfu. Huko huwindwa kwa kibali, nyama huliwa, na sufu hutolewa kwenye ngozi. Wapo wanaoona sufu ya mnyama aliyekufa ni duni, lakini mimi sioni hivyo, kwa sababu ngozi ya majira ya baridi ina sufu iliyojaa. Ugumu ni kwamba inakuja na nywele ngumu nyingi zaidi, na mnajua nililolipata mimi kwa nywele ngumu.

Fundi Kilemba, Muscat

Nimeridhika na maelezo, na sasa nina jambo la nyumbani. Mke wangu ana wazazi Jabal Akhdar, na Januari maji huganda kule asubuhi. Nataka kumnunulia kitu kimoja cha kiviuti. Nilifikiri niongeze na kilemba changu, kisha nikakumbuka kwamba ninyi mnafuma matundu, nami sitaki kichwa changu kionekane kama samaki kwenye jarife.

Mwanaisha wa Pangani

Kaka, masari hufumwa kwa kitanda cha mfumi, uzi kwa uzi, bila nafasi, na kwa kiviuti kitakula wakia nyingi mpaka mke wako aulize fedha ya ada imekwenda wapi. Mchukulie nachaq. Ni kama bomba pana la kimia ambalo huvaliwa shingoni, na baridi ikizidi hupandishwa likawa kofia iliyofunika masikio, hata juu ya mtandio. Chagua rangi yake ya asili, ile ya moshi, kwa sababu kiviuti huchukua rangi ya kutiwa vizuri, lakini ya asili haina cha kufifia.

Afue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, asikamue, aikunje ndani ya taulo kavu aikandamize, kisha aitandaze kivulini. Asiitundike kambani, kwa kuwa itarefuka na haitarudi. Hatari yake kubwa ni nondo, ambao hawajui bei. Aiweke ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na karafuu kavu zilizofungwa kwenye kitambaa, na karafuu najua nyumbani kwenu hazikosekani.